Faili la mtoto kutoka India: kaakaa wazi, tundu la moyo na wiki mbili za kuamua

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Moshi, mume wangu wa Mwanza. Tunaishi Minnesota, sote ni raia wa Marekani. Nina miaka 38, yeye 45, na tuna mtoto mmoja wa miaka 9. Shirika letu la uasili limetutumia faili la mtoto wa kike wa miezi 24 anayelelewa kituoni Maharashtra, India, tangu wiki ya kwanza ya maisha yake. Uzito kilo 8.6, urefu sentimita 78, mzunguko wa kichwa sentimita 44.9, damu (Hb) 8.1. Mdomo uliopasuka ulishonwa akiwa na miezi 7, kaakaa bado liko wazi. Eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) aliyopimwa akiwa na miezi 5 inasema "tundu dogo". Alianza kutembea akiwa na miezi 20, na haongei. Vipimo vya VVU na homa ya ini B vya miezi 2 ni hasi. Tumepewa wiki mbili za kujibu. Tuulize nini, na tukikubali tujiandae vipi?

Jibu: Dada, umefanya vizuri kutuma namba zenyewe badala ya kusema tu kwamba mtoto ana matatizo ya kiafya. Nitaanza na jambo zito kuliko yote, ambalo faili halikulitaja: kaakaa wazi na tundu la moyo vimekutana kwa mtoto mmoja. Kila kimoja peke yake ni cha kawaida na kina matibabu. Vikikutana, daktari wa watoto anapaswa kujiuliza kama vina chanzo kimoja, na cha kwanza kutafutwa ni kukosekana kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, hali inayoitwa 22q11.2. Humpata mtoto 1 kati ya takriban 4,000. Pamoja na moyo na kaakaa, huleta kushuka kwa kalsiamu hadi degedege, kinga dhaifu, kuchelewa kuongea na ugumu wa kujifunza. Akifika utu uzima, karibu mtu 1 kati ya 4 wenye hali hiyo hupata skizofrenia.

Sisemi kwamba anayo. Hali ya 22q11.2 mara nyingi hugusa kaakaa na kuuacha mdomo salama, na kwa kuwa mdomo wa mtoto huyu nao ulipasuka, uwezekano unapungua. Haujaisha, lakini. Kwa hiyo ombi lenu la kwanza, liende leo kabla ya kesho, ni kipimo cha kromosomu kwa njia ya mikroarei, pamoja na kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Hospitali za miji mikubwa ya India hukipima, na kwa kawaida gharama ni juu yenu. Majibu ya mikroarei huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo hayataingia ndani ya wiki zenu mbili. Wiki mbili hizo zinatokana na kanuni za Marekani zinazolizuia shirika kuliondoa faili mikononi mwenu mapema zaidi ya hapo, isipokuwa maslahi ya mtoto yakilazimu. Hazikukatazi kuomba muda zaidi kwa maandishi. CARA, mamlaka kuu ya uasili ya India iliyo chini ya Wizara ya Wanawake na Maendeleo ya Mtoto, nayo ina ratiba yake, ndiyo maana ombi linalotumwa siku ya kumi na tatu huwa limechelewa.

Wakati mnasubiri, ombeni picha za karibu: uso kwa mbele, uso kwa pembeni, kila sikio, macho yote mawili, viganja, na mdomo wa chini. Mdomo wa chini wenye vishimo viwili vidogo huashiria hali ya kurithi iitwayo Van der Woude. Hiyo haigusi akili, ila kila mtoto atakayemzaa atakuwa na nusu ya uwezekano wa kuirithi. Masikio yenye umbo lisilo la kawaida, au mboni yenye pengo kama tundu la ufunguo, yakichanganyika na moyo na kaakaa humfanya daktari afikirie hali ya CHARGE, ambayo ni nzito zaidi.

Sasa moyo. Eko ya miezi 5 imezeeka. Matundu mengi madogo kwenye ukuta wa vyumba vya chini vya moyo huziba yenyewe kabla ya miaka michache, na huenda hilo nalo limeshaziba. Lakini neno "dogo" bila kipimo halitoshi. Ombeni eko mpya yenye mambo haya: upana wa tundu kwa milimita, mahali lilipo kwenye ukuta, tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za tundu, makadirio ya shinikizo la mishipa ya mapafu, kama upande wa kushoto wa moyo umetanuka, na upinde wa mshipa mkuu wa aota umekaa upande gani. Tofauti kubwa ya shinikizo ni habari njema, kwani ina maana tundu ni jembamba na linazuia damu isipite hovyo. Tundu kubwa lililoachwa hadi miaka miwili au mitatu linaweza kuharibu mishipa ya mapafu, na uharibifu ukishakuwa wa kudumu, kuliziba hakumsaidii tena mtoto. Ombeni pia kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mtoto akiwa ametulia. Ikiwa chini ya asilimia 95 tena na tena, daktari wa moyo wa watoto aione eko hiyo kabla hamjasaini chochote.

Kuhusu ukuaji, msiogope haraka. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, msichana wa miezi 24 aliye katikati ana kilo 11.5 na sentimita 86.4. Huyu yuko chini ya mstari wa pili chini ya katikati kwa uzito na kwa urefu. Lakini sentimita 78 ni urefu wa katikati wa msichana wa kati ya miezi 15 na 16, yaani yuko nyuma kwa miezi kama minane. Wanaotibu watoto wa vituoni wana kanuni ya mkono inayosema mtoto hupoteza mwezi mmoja wa urefu kwa kila miezi mitatu anayolelewa kituoni. Miezi 24 gawa kwa tatu ni minane. Urefu wake, basi, unaelezeka kwa mahali alipoishi tu, na urefu wa namna hii mara nyingi hurudi kwa kasi mtoto akipata familia na chakula. Uzito wake, ukiupima dhidi ya urefu wake badala ya umri, si mbaya kama unavyoonekana: amedumaa zaidi kuliko alivyokonda.

Kichwa ndicho cha kuangaliwa zaidi, kwa sababu ndicho kinachofuatana na ubongo. Sentimita 44.9 iko juu kidogo ya mstari wa pili chini ya katikati, ambao kwa umri huo ni 44.4. Ni kidogo, lakini kimo ndani ya kawaida. Namba moja haitoshi kuamua. Ombeni vipimo vyote vya kichwa tangu alipopokewa, kila kimoja na tarehe yake. Kikiwa kilikuwa chini zaidi na kinapanda, ni jambo jema sana. Kikiwa kilikuwa katikati akiwa na miezi 6 na kimeendelea kushuka, sababu lazima itafutwe. Na kipimo kimoja kikiruka ghafla bila mpangilio, mara nyingi aliyepima alilegeza utepe au aliupitisha juu ya nywele zilizofungwa, kwa hiyo ombeni kipimwe tena mara tatu na wachukue kilicho kikubwa.

Hb ya 8.1 ni upungufu wa damu wa wastani. Kwa mtoto wa kituoni anayekunywa maziwa mengi na nyama kidogo au bila nyama, sababu ya kwanza ni ukosefu wa madini ya chuma. Sababu nyingine nyinyi mnaijua kutoka nyumbani. Selimundu si ya Afrika peke yake: iko kwa wingi katika jamii za makabila ya magharibi na katikati mwa India, Maharashtra ikiwemo, na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, pia ipo nchini humo. Ombeni kipimo cha aina za hemoglobini (HPLC) na cha akiba ya chuma. Ulizeni kama amewahi kuongezewa damu, kwa mfano wakati wa kushonwa mdomo, kwa sababu damu ya mtu mwingine ndani ya miezi mitatu au minne iliyopita hupotosha majibu ya HPLC.

Vipimo vya maambukizi vya miezi 2 havitoshi. Kinga za VVU anazozaliwa nazo mtoto zinaweza kuwa za mama hadi miezi 18, na homa ya ini B aliyoambukizwa wakati wa kuzaliwa inaweza isionekane mapema hivyo. Vyote virudiwe sasa, pamoja na homa ya ini C na kaswende.

Kutoongea kunawatisha wazazi kuliko moyo, ilhali ndiko kunakoelezeka kwa urahisi zaidi. Kaakaa likiwa wazi, hewa hutokea puani na mtoto hawezi kujenga herufi kama p, b, t na d. Misuli inayofungua mrija wa sikio nayo imekosa kushikana vizuri, kwa hiyo karibu kila mtoto mwenye kaakaa wazi ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio na husikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye beseni. Ongeza maisha ya kituoni, ambako mlezi mmoja ana watoto wengi na hana muda wa mazungumzo. Ombeni kipimo cha usikivu kiitwacho BERA, na ombeni video ya dakika kumi isiyokatwakatwa: mtoto akiitwa jina kutoka nyuma, akipewa mpira, akila kwa kijiko, akipanda ngazi, na kifaa anachokipenda kikiwekwa juu mahali asipofikia. Hapo mwisho ndipo pa kukodoa macho. Mtoto anayenyoosha kidole kuelekea kile kitu, kisha akageuka kumtazama mlezi kana kwamba anasema "nipe kile", ameshaonyesha kwamba anajua mtu mwingine ana mawazo na anaweza kuombwa msaada. Kwa mtoto asiyeongea, ishara hiyo ina uzito kuliko maneno kumi. Asipoifanya kwenye video moja haimaanishi tatizo, huenda amemwogopa mwenye simu, lakini ombeni video nyingine.

Yote haya apelekewe daktari aliyebobea kwa watoto wa uasili, si daktari wa familia peke yake. Hapo mna bahati ya jirani: Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha mwaka 1986 kliniki ya kwanza ya aina hiyo Marekani, na kusoma mafaili kabla ya wazazi kujibu ni sehemu ya kazi yao. Wapelekeeni video na chati zote, si muhtasari.

Sasa kuamua. Kaeni chini wewe na shemeji, kila mmoja na karatasi yake. Andikeni hali tatu: mtoto aliye na kaakaa na moyo unaoziba wenyewe, mtoto huyohuyo akihitaji upasuaji wa moyo, mtoto huyohuyo akiwa na 22q11.2, atakayehitaji msaada wa shule na pengine wa maisha yote. Kila mmoja aandike "ndiyo" au "hapana" kwa kila hali bila kumwonyesha mwenzake, kisha mlinganishe. Karatasi zikitofautiana kwenye hali ya tatu, msijibu "ndiyo" kwa kutegemea kwamba haitatokea. Kukataa faili si dhambi, na shirika linalowatisha kwa kusema mtoto atakufa msipomchukua linafanya kosa. Uasili unaovunjika baada ya mtoto kufika humuumiza kuliko faili lililorudishwa.

Kuna jambo moja la kuliuliza kabla ya makaratasi: je, kaakaa lishonwe India au Marekani? Marekani kwa kawaida hushonwa kati ya miezi 9 na 18, na kila mwezi unaozidi humpa mtoto nafasi ya kuzoea kutamka kooni mambo ambayo wengine hutamka kwa ulimi na midomo. Tabia hiyo huchukua miaka kuiondoa. Taratibu zikikadiriwa kuzidi nusu mwaka, na hospitali inayopendekezwa ina timu inayoshona makaakaa mara kwa mara, upasuaji kufanyika India ni uamuzi mzuri, Hb ikishafika 10 au zaidi. Ikiwa ni kambi ya siku mbili, na kituoni hakuna mtu wa kumlisha vyakula laini kwa wiki tatu baadaye, bora asubiri. Kaakaa lililofumuka na kuacha tundu ni gumu kushona mara ya pili. Wenye mamlaka ya kuamua bado ni kituo na wasimamizi wake huko, lakini maoni yenu, yakiambatana na barua ya daktari wenu, kwa kawaida husikilizwa.

Makaratasi nitayapitia kwa haraka, nikisimama pale watu wanapokwama. India na Marekani zote zimo kwenye Mkataba wa Hague wa uasili wa kimataifa, kwa hiyo njia yenu ni fomu I-800A, inayowaidhinisha nyinyi wazazi, kisha I-800, inayomhusu mtoto mwenyewe. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, India inataka jumla ya umri wa mume na mke isizidi 90. Yenu ni 83.

Kikwazo cha kwanza ni ripoti ya tathmini ya nyumbani. Ripoti hiyo hutaja aina za mahitaji ya kiafya mlizoidhinishiwa. Ikiwa yenu inasema "mdomo na kaakaa" bila kutaja moyo, USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, inaweza kuikwamisha I-800 ya mtoto huyu. Afisa ustawi wa jamii airekebishe sasa, na marekebisho yapelekwe kwa Nyongeza namba 3 ya I-800A. Yasiachwe hadi mtakapoulizwa.

Kikwazo cha pili kinawapata sana watu wetu. Kila mtu mzima anayeishi kwenu anachukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa. Bibi aliyekuja kusalimia akakaa mwaka, mdogo wako anayesoma chuo na kulala kwenu, wote wanahesabiwa. Msimfiche mtu kwa kuona aibu kumsumbua mkwe. Uchunguzi pia hufuata kila nchi mtu aliyoishi tangu alipotimiza miaka 18, kwa hiyo aliyeondoka Tanzania akiwa mtu mzima aandae hati ya tabia njema ya Polisi kutoka huko. Tazameni majina: cheti cha kuzaliwa chenye majina matatu na pasipoti yenye mawili huhitaji kiapo kinachosema ni mtu mmoja. Na kila kukamatwa na polisi, hata kesi ikiwa ilifutwa, kutajwe. Kosa dogo la zamani likitajwa mara nyingi husameheka, likifichwa linaweza kuangusha ombi zima.

Mpangilio wa hatua hauvunjwi: idhini ya awali ya I-800, barua ya Ibara ya 5 ya mkataba huo kutoka ubalozi wa Marekani New Delhi, cheti cha CARA cha kutokuwa na pingamizi, amri ya uasili ambayo tangu mwaka 2022 hutolewa na District Magistrate, yaani mkuu wa utawala wa wilaya, si mahakama, cheti cha Ibara ya 23 pamoja na pasipoti ya mtoto, kisha viza ya IH-3. Kumchukua mtoto au kukamilisha uasili kabla ya barua ya Ibara ya 5 kunaweza kumnyima viza. Kwenye uchunguzi wa viza, mtoto wa miaka 2 na kuendelea hupimwa kifua kikuu kwa kipimo cha damu hata kama ana kovu la BCG. Picha ya kifua ikionyesha kasoro huoteshwa makohozi, na hiyo ni wiki nane. Wekeni akiba ya muda na ya tiketi inayobadilishika. Akiingia Marekani kwa IH-3 anakuwa raia papo hapo, na cheti cha uraia hutumwa kwa posta bila kuombwa. India itadai ripoti za maendeleo yake kwa miaka miwili: kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kila miezi sita mwaka wa pili.

Kwa wasomaji wengine wanaojiuliza mbona wasiasili nyumbani: Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani ni mgeni mbele ya Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtaka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Kenya ilisimamisha uasili wa kimataifa mwaka 2014.

Bima ina mtego wake. Bima ya kazini haiwezi kumkataa mtoto kwa ugonjwa alio nao, lakini mna siku 30 tu za kumwandikisha, na siku hizo huhesabiwa tangu uasili au tangu kukabidhiwa. Hazihesabiwi tangu kutua uwanja wa ndege. Amri ya India mara nyingi hutoka wiki kadhaa kabla ya safari. Mwandikisheni siku mnayopata nakala ya amri, hata kama bado hana namba ya hifadhi ya jamii. Kabla ya hapo, pigieni bima simu mkaulize, na jibu walitume kwa maandishi, kama timu ya mdomo na kaakaa mnayoitaka imo kwenye mtandao wao, na kama meno ya kupangwa yanayotokana na kaakaa hulipiwa. Safari ya kaakaa ni ndefu: vijibomba vya masikio, pengine upasuaji wa pili wa sauti, kupandikiza mfupa kwenye ufizi kati ya miaka 7 na 11, na mara nyingine taya akishamaliza kukua. Gharama za uasili wenyewe zikipita dola 30,000 msishangae. Nafuu ya kodi ya uasili kwa mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 17,280 kwa mtoto, na kwa mtoto wa nje hudaiwa baada ya uasili kukamilika, si kabla.

Akifika nyumbani, aonwe na daktari ndani ya wiki mbili. Orodha iwe nanyi: hesabu kamili ya damu, chuma, HPLC, madini ya risasi, tezi ya thairoidi, vitamini D, VVU, homa za ini B na C, kaswende, kifua kikuu, choo mara tatu kutafuta minyoo na giadia, macho na masikio. Homa ya ini B irudiwe baada ya miezi sita. Chanjo zenye virusi hai zisubiri hadi majibu ya 22q11.2 na ya kinga yajulikane. Ngozi inayowasha usiku, kwenye viganja na kiunoni, ni upele wa kituoni hadi ithibitishwe vinginevyo. Hutibiwa kwa krimu ya permethrini 5%, nyumba nzima siku moja, na kurudiwa baada ya wiki.

Dawa ya chuma ya maji kwa kawaida huanzia miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo kwa siku, yaani kama 26 kwa uzito wake wa sasa, lakini kipimo kamili atakipanga daktari. Hb ikipanda kwa gramu moja ndani ya wiki nne, mko kwenye njia sahihi, na dawa iendelee miezi miwili au mitatu baada ya damu kukaa sawa. Maziwa ya ng'ombe yasizidi mililita 600 kwa siku. Chai msimpe kabisa. Kituoni huenda alishazoeshwa chai ya maziwa, na nyumbani kwetu kikombe cha mtoto ni jambo la kawaida, lakini chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Alishwe akiwa ameketi wima, kwa kijiko au kikombe, kwani hawezi kufyonza kwa mrija. Uji mzito wa ulezi uliochujwa unamfaa sana. Chakula kikitokea puani, futeni na muendelee. Akiwa chini ya miaka 3, pigeni simu Help Me Grow, huduma ya Minnesota kwa watoto wadogo waliochelewa kukua, wiki ya kwanza. Sheria inawapa siku 45 za kumpima na kuandaa mpango wake, na akitimiza miaka 3 taratibu hubadilika.

Upasuaji wa kaakaa, ikiwa haujafanyika, usiwe wiki ya pili baada ya kufika hata kama nafasi ipo. Miezi miwili hadi mitatu inatosha damu kupanda na yeye kujua kwamba mikono yenu ni ipi. Utafiti wa Bucharest ulioanza miaka ya 2000 ukiwa na watoto 136 wa vituo ulionyesha kwamba waliohamia kwenye familia kabla ya miezi 24 walifungamana na walezi wao vizuri zaidi. Wenu atakuwa amevuka hapo, kwa hiyo miezi ya kwanza ina kazi. Mtoto anayemkimbilia kila mgeni na kumkumbatia hajawa mchangamfu tu: bado hajajua mzazi ni nani.

Hapa ndipo ndugu watakapowawia wagumu. Jumuiya itajaa sebuleni na vyungu vya pilau, kila mama atataka kumbeba mgongoni, na mtu atamwita "kahindi ketu" kwa mapenzi. Waambieni mapema, kabla ya safari, kupitia mtu mzima anayeheshimiwa: kwa miezi mitatu kumlisha, kumwogesha, kumbeba na kumbembeleza ni kazi ya mama na baba peke yao, wageni wapike, wafue, wamtembeze kaka au dada yake. Neno "mdomo sungura" pia liishie mlangoni.

Siku ya kukabidhiwa nimeiacha hadi hapa kwa sababu hairudiwi. Mleteeni mlezi wake wa karibu zawadi, na mkae naye saa moja na mkalimani wa Kimarathi. Ulizeni analala kwa ubavu upi, nani yuko kitandani jirani, anaimbiwa wimbo gani (rekodini sauti ya mlezi akiuimba), anatulizwaje akilia, sabuni ni ipi, anakula saa ngapi, joto la maziwa ni kiasi gani. Ombeni kipande cha nguo ya mlezi au shuka lake bila kufuliwa, maana harufu ndiyo atakayoitambua usiku wa kwanza. Jifunzeni maneno machache: aai ni mama, paani ni maji, dudh ni maziwa. Bas mnalo tayari, maana yake ni ileile ya basi yetu. Yote hayo yaandikeni humohumo chumbani kabla ya kupanda gari, kwa sababu akianza kulia njiani kuelekea hotelini hamtakumbuka hata moja.